MBA: UDBS jioni, Mzumbe Dar au ESAMI? Nina milioni 6

Mbuyu_Mkavu:
Wakuu habari za jioni. Nataka kuanza MBA, ile masters ya biashara, mwaka huu wa masomo, nimebaki na machaguo matatu, UDBS (shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) pale Mlimani masomo ya jioni, Chuo Kikuu Mzumbe kampasi ya Dar, au ESAMI, ile taasisi ya menejimenti. Kibindoni nina milioni 6 nimezidunduliza miaka mitatu, itakayopungua nitakopa. Je ada ya ESAMI itarudi au nijibane na hivi viwili? Dirisha la maombi linakaribia kufungwa.

Binti_Kigamboni:
Kaka hujasema unafanya kazi gani, serikalini au binafsi, digrii ulisoma nini, GPA ngapi. Hapo mtu akushauri kwa lipi?

Mzee_wa_Leja:
Achana na MBA soma CPA, ile sifa ya uhasibu, kila kijana namwambia hivi na sichoki. Mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, ipo Mei na Novemba, unalipia masomo kadiri mfuko unavyoruhusu na kazi unaendelea nayo. Soma matangazo ya kazi za uhasibu uone wanaanza kuulizia nini.

Binti_Kigamboni:
Mzee hata hatujajua kama ni mhasibu!

Mbuyu_Mkavu:
Samahani wakuu. Nipo kampuni binafsi ya kusambaza vinywaji, afisa mauzo, nina BBA (digrii ya biashara), GPA 3.4. Mkononi inaingia laki 9, bodi ya mikopo bado wanakata ile asilimia 15 yao. Nina mke na mtoto mmoja. Lengo langu niwe meneja wa kanda.

Jioni_Ubungo:
Mdogo wangu ngoja nikwambie yaliyonikuta, chuo sitakitaja. Nilikopa benki milioni 8 nikaanza MBA ya jioni, natoka ofisini Posta saa kumi na moja, foleni, nafika kipindi kimeshafika nusu. Mitihani sikurudia hata mmoja, kilichoniumiza ni disetesheni, ule utafiti wa mwisho. Supavaiza wa kwanza akaenda masomoni nje, wa pili akasema mada hii hapana anza upya, nikaanza upya, sura ya tatu ikakaa kwake miezi mitano, na muda ukipita unalipia tena. Kozi ya miaka miwili nimetoka nayo minne na nusu, mkopo nimemaliza kulipa kabla sijavaa joho. Napeleka cheti ofisini bosi ananipa hongera, ila umeneja alishapewa kijana mwenye digrii moja tu aliyekuwa anazunguka mikoani wakati mimi nipo darasani. Siku ile nililia kwenye gari. Kabla hujalipia hata fomu muulize HR wako, hao mameneja wa kanda waliopo sasa wangapi wana masters?

Nyanza_77:
Pole mkuu, ila yako yasimkatishe tamaa. Mimi ni wa ESAMI, ile ni taasisi ya serikali za nchi kadhaa za mashariki na kusini mwa Afrika, nimesoma na Wazambia, Waganda, Wamalawi, na mpaka leo tunapigiana simu za kazi. Hiyo Mlimani huipati.

Kijiweni_Mwenge:
Huipati umepima wapi? Darasa langu la jioni UDBS lilijaa watu wa mabenki na mitandao ya simu, na ndio wanaoajiri hapa hapa mjini. Jamaa anauza vinywaji Tanzania, Mzambia atamfungulia mlango gani?

Nyanza_77:
Kampuni za vinywaji nyingi zipo nchi zaidi ya moja mkuu, hilo nalo ulifikirie.

Mama_Wawili_Mtwara:
Mbona Chuo Kikuu Huria hamkitaji? Mtu wa mauzo anahamishwa muda wowote, Huria wana vituo mikoani. Ukishalipa masomo ya jioni umejifunga Dar.

Mbuyu_Mkavu:
Hili la uhamisho limenigusa. Desemba niliulizwa kama niko tayari kwenda Mbeya kusimamia eneo, nikakataa kwa ajili ya hii MBA.

Jioni_Ubungo:
Ulikataa?? Kesho asubuhi mfuate bosi wako umuulize kama nafasi bado ipo. Nakuomba sana.

Kijiweni_Mwenge:
Mzumbe nao wana kampasi Mbeya, ulizia masters zipi zinatolewa kule.

Binti_Kigamboni:
Na mke wako anasemaje kuhusu Mbeya?

Mbuyu_Mkavu:
Ana kazi hapa Dar, ndio mtihani wenyewe. Tutaongea leo usiku.

Tumaini_K:
Samahani kuingilia uzi, Mzee_wa_Leja, kwa mtu anayekaa Mbagala madarasa mazuri ya kujiandaa na CPA yako wapi? Nataka mtihani wa Novemba.

Mzee_wa_Leja:
Karibu sana mwanangu, umebakiza masomo mangapi?