Pete ya ndoa ya dhahabu ya kuvaa kila siku: karati 18 au 22?

BintiZiwa
Wakuu, habari zenu. Ndoa ni Desemba na tunatafuta pete mbili za dhahabu ya njano, za kuvaa kila siku, si za kufungia kabatini. Mimi ni nesi: nanawa mikono mara nyingi kwa zamu, navaa glavu, na maji ya klorini nayashika. Mwenzangu ni fundi magari. Sonara mmoja anatuambia karati 22 ndiyo dhahabu yenyewe, mwingine anasema tusizidi 18. Tuna pete ya zamani ya mama, gramu 6, karati 22, tunayoweza kuiyeyusha. Tuchukue karati ipi, unene gani, na tutajuaje kuwa tulichouziwa ndicho tulicholipia?

Koleo
Hongereni sana. Nianze na unene, kwa sababu watu hubishana karati wiki nzima kisha wanachukua pete ya milimita 1.1 kwa kuwa bei yake imekaa vizuri. Pete nyembamba hivyo itapinda na kuwa kama yai hata ikiwa ya karati 18. Pete huliwa zaidi upande wa kiganja, maana huko ndiko inakosuguana na usukani, ndoo na vyuma vya kitanda cha mgonjwa. Msishuke chini ya milimita 1.5, mimi ningetengeneza 1.6 ya kwako na 1.7 ya mwenzako. Upana milimita 3.5 kwako, 5 kwake. Umbo: mgongo wa mviringo, na kingo za ndani zilainishwe zisikate kidole.

Sasa karati. Ya 22 ina dhahabu 916 katika kila 1000, ya 18 ina 750, ya 14 ina 585, ya 9 ina 375. Zilizobaki kwa dhahabu ya njano ni hasa fedha na shaba, na hizo ndizo zinazoipa ugumu. Kwa mikono yenu ningechagua 18. Inahimili kugongwa kuliko 22, na haibadiliki rangi kirahisi kama ya 9, ambayo shaba yake ikikutana na jasho inaacha weusi au ukijani kidoleni.

Uzito unaweza kuukadiria kabla hujaenda dukani. Pete ya mwenzako ikiwa na kipenyo cha ndani milimita 20, unene 1.7 na upana 5, kwa karati 18 itakuwa gramu 7 na kidogo. Yako, kipenyo 17, unene 1.6 na upana 3.5, ni gramu 4 hivi. Mkiambiwa ya kwake ina gramu 4 na kwa macho inaonekana nene, ulizeni kama ina uwazi ndani. Pete yenye uwazi ikibonyea hainyooki vizuri, na kuipanua ni shida.

Mfuaji22
Koleo nakubaliana nawe kwenye unene, lakini karati 22 tusiitupe. Ikikunjwa haivunjiki, inanyooshwa. Kemikali haziingii kirahisi kwa sababu shaba na fedha ndani yake ni kidogo. Pwani na kule Oman watu wanavaa 22 na 21 miaka yote. Sharti lake ni iwe nzito: milimita 2 kwenda juu, na ifuliwe kwa nyundo badala ya kumiminwa tu kwenye kalibu, maana kufuliwa kunaikaza. Mikwaruzo itakuwepo, hilo mjiandae nalo. Kwa nesi naona inafaa. Kwa fundi magari, hapana.

BintiZiwa
Asanteni. Klorini inaharibu kweli, au ni maneno ya mtaani? Na ile ya mama je?

Koleo
Inaharibu. Klorini hushambulia metali zilizochanganywa na dhahabu, na mahali pa kwanza kuoza ni kwenye lehemu, yaani pale pete ilipounganishwa. Kwa macho huoni kitu, halafu siku moja inapasuka kwenye kiungio. Dhahabu nyeupe yenye nikeli ni mbaya zaidi hapo, hupata nyufa. Ukienda kuchanganya Jik au dawa ya kusafishia sakafu, ivue. Maji na sabuni ya kawaida haviiumizi pete, vinaumiza ngozi vikibaki chini yake: sogeza pete, suuza, kausha. Vipele vingi chini ya pete vinatokana na unyevu huo. Na kwa kazi yako usiweke jiwe, linachana glavu.

Mwenzako aivue kazini, bila mjadala. Pete ikigusa nguzo chanya ya betri huku spana au bodi ikigusa upande wa pili, inapata moto sekunde hiyo hiyo na kuunguza kidole mpaka ndani. Feni na mkanda nazo hunasa. Asiining'inize shingoni kwa mkufu, ni hatari ile ile. Kikopo chenye kifuniko, kwenye droo ya nyumbani.

Pete ya mama: gramu 6 za karati 22 zikishushwa hadi 18 zinakuwa gramu 7.33, maana sonara anaongeza gramu 1.33 za fedha na shaba. Gramu hizo msizilipie bei ya dhahabu. Kwa pete zenu mbili mnahitaji kama gramu 11.3, basi bado zinatakiwa 4 za karati 18, ambazo ndani yake dhahabu safi ni gramu 3. Ongezeni kidogo kwa ajili ya mabaki ya msasa na tupa, na mkubaliane mapema mabaki ni ya nani. Pete ipimwe mbele yenu kabla ya kuingia motoni na baada ya kutoka. Kama iliwahi kutengenezwa kwa lehemu ya risasi, sehemu hiyo ikatwe kwanza: risasi kidogo tu inaifanya dhahabu yote ikatike ikipigwa nyundo.

Mizani
Kuhakikisha nyumbani: tafuteni mizani ndogo ya kusoma gramu 0.01. Pimeni pete ikiwa kavu, tuseme 7.20. Wekeni glasi ya maji juu ya mizani, irudisheni kwenye sifuri. Fungeni pete kwa uzi mwembamba, izamisheni yote bila kugusa chini wala pembeni, na mtikise kuondoa mapovu. Mizani itaonyesha, tuseme, 0.46. Gawanyeni 7.20 kwa 0.46: 15.65. Karati 18 ya njano huangukia kati ya 15.2 na 15.9 hivi, ya 22 ni karibu 17.8, ya 14 karibu 13, shaba nyeupe na nyekundu haifiki 9. Pete yenye jiwe au uwazi itadanganya kipimo hiki. Muhuri wa 750 pekee si ushahidi, kwa kuwa yeyote mwenye kipigo cha chuma anaweza kuugonga. Mkitaka uhakika kamili, pimisheni kwa mashine ya mionzi, haikwaruzi pete.

Kidole pimeni kwa pete za vipimo za sonara, asubuhi na jioni, siku tatu tofauti. Kwa karatasi, kosa la milimita 1 tayari ni karibu nusu saizi ya Kimarekani. Desemba ni joto, vidole huvimba, ila msiipanue kupita kiasi: iingie kwa kujivuta kidogo, na kutoka iwe lazima uizungushe kwenye kifundo.

KisimaKirefu
Nyongeza kwa Waislamu wanaosoma: dhahabu ni haramu kwa mwanaume, na dhahabu nyeupe bado ni dhahabu. Bwana harusi achukue fedha 925, unene milimita 2 kwa sababu ni laini.

BintiZiwa
Tumeamua 18, bila jiwe. Kwenye risiti tudai nini?

Mizani
Karati, uzito hadi sehemu ya mia ya gramu, bei ya gramu siku hiyo, na ufundi uandikwe kando. Bei ya kulinganishia: chukua ya aunsi ya dhahabu safi sokoni, gawanya kwa 31.1 (gramu za aunsi moja), zidisha kwa 0.75. Mkitaka kuongeza dhahabu mbichi, msiokote ya mtaani: anayeuza madini lazima awe na leseni, na karatasi zake zionekane.