Amri imefeli lakini `$?` ni 0: niripoti vipi?

Fundi_Tudor
Waungwana, salaam. Kuna programu huria ya mstari wa amri, hapa niiite `nakili`, inayohamisha faili za manifesti kila usiku kutoka mashine ya Kilindini hadi diski ya seva iliyoko Nyali. Ikikosea, haikosei kwa namna moja. Nimejaribu kwenye Debian 12 (`$?` ni namba ambayo amri huacha ikimaliza: 0 ni imefaulu, nyingine ni kosa):

Faili haipo: ujumbe mkondo wa makosa, `$?` ni 1.
Faili ipo, haina ruhusa ya kusomwa (`chmod 000`): ujumbe mkondo wa kawaida, `$?` ni 0.
Diski ya mwisho imejaa: ujumbe mkondo wa makosa, `$?` ni 0.

Skripti ni hii:

`nakili "$f" /hifadhi | tee -a kumbukumbu.txt && rm "$f"`

Inafuta faili ambazo hazikufika. Niandike ripoti moja au tatu?

BintiKisauni
Usiandike bado. Toa `tee` (inayoonyesha matokeo na kuyaandika kwenye faili) kwanza. Amri zikiungwa kwa `|`, `$?` ni ya amri ya mwisho, na `tee` yako haina shida yoyote, kwa hivyo inarudisha 0. Ile 1 ya kwanza lazima uliipata bila `tee`. Hizo mbili je?

Kwenye skripti weka `set -o pipefail` (mnyororo wa amri urudishe kosa amri yoyote ndani yake ikifeli), na mstari wa kwanza uwe `#!/bin/bash`. Kwenye Debian 12 `sh` ni dash (si bash), nayo itaikataa `pipefail`.

Fundi_Tudor
Ahsante dada, umeona mbali. Bila `tee`, diski iliyojaa inatoa 1 kama inavyotakiwa. Ya ruhusa (faili `siri.txt`) imebaki vilevile: 0. Tena nikiandika `nakili siri.txt /tmp >/dev/null` (kutupa mkondo wa kawaida), kimya kabisa, na faili haikunakiliwa.

MzeeWaKonsoli
Basi umebaki na ripoti moja, na ni nzito, maana mtu anapoteza data. Kichwa kiseme mgongano wenyewe: "Faili isiyosomeka inarudisha 0, faili isiyokuwepo inarudisha 1". Usiandike "makosa hayashughulikiwi vizuri". Hapo mtunzaji wa programu hana pa kuanzia.

Chini yake weka toleo, mfumo, kisha amri za kunakili na kubandika:

`touch siri.txt; chmod 000 siri.txt`
`LC_ALL=C nakili siri.txt /tmp >kawaida.txt 2>makosa.txt; echo $?`

`LC_ALL=C` ni ili ujumbe utoke kwa Kiingereza cha asili, mtunzaji autafute kwenye msimbo. Tena taja wazi kwamba ulijaribu kama mtumiaji wa kawaida. Hili watu hulisahau sana: root (mtumiaji mkuu) anasoma faili hata ikiwa 000, na kontena nyingi za programu huendeshwa kama root. Mtunzaji akijaribu humo atakuambia kwake inanakili vizuri, na ripoti itafungwa.

Jaribu pia `nakili a.txt siri.txt b.txt /tmp`. Nadhani kiini kiko hapo. Programu ya namna hii huzunguka faili moja moja, na si vibaya kuruka iliyoshindikana na kuendelea na zilizobaki. Tatizo ni mwandishi kuchapisha ujumbe, akaruka, asiweke alama popote kwamba kosa limetokea. Mzunguko ukiisha, programu inarudisha 0. Dawa ni kigeu kimoja (variable) kinachokumbuka kosa mpaka mwisho.

Pendekeza, usidai. Kuna skripti za watu zinazotegemea hiyo 0. Tazama `curl`, amri ya kupakua kutoka mtandaoni: seva ikijibu 404 (haipo) inarudisha 0, na ukitaka kosa ni lazima uongeze `-f`, ndipo unapata 22. Huenda nao wakakupa chaguo jipya badala ya kubadilisha tabia ya zamani. Ujumbe kwenda mkondo wa makosa ni jambo jingine, uombe kwa ripoti yake.

BintiKisauni
Na usiku wa leo usiachie `rm` itegemee `$?` peke yake. Linganisha kwanza:

`cmp -s "$f" "/hifadhi/$f" && rm "$f"`

`cmp` hurudisha 0 zikifanana, 1 zikitofautiana, na zaidi ya 1 ikishindwa kusoma. `siri.txt` haitaguswa.