Wanahamisha watoto wetu kwa jina la usawa, walimu hawaguswi! Wazazi wa pembezoni mwa Dar tusikubali

Wakuu, heshima kwenu. Nilitaka hasira ishuke kwanza ndipo niandike, lakini kadiri siku zinavyokwenda ndivyo inavyopanda, kwa hiyo mnivumilie.

Kata yetu miaka ya nyuma ilikuwa mihogo na mikorosho mitupu, leo nyumba zimebanana hadi kwenye kingo za mto. Tuna shule mbili za msingi za serikali. Ya juu iko karibu na lami, ni ya zamani, ina ukuta, ina miti na ina walimu. Ya bondeni ni nguvu za wananchi, ilianza kujaa baada ya elimu bila ada ya 2016 na mpaka leo haijawahi kupumua. Wanangu wanasoma bondeni. Kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa darasa. Kwetu hata ukizidisha mara mbili hujafika. Wanaingia kwa zamu, wengine asubuhi, wengine mchana, na wa madarasa ya chini wanakaa sakafuni.

Kwa hiyo mtu asije hapa kunieleza umuhimu wa usawa. Mimi ndiye ninayeudai. Nimechangia tofali, nimechangia mlinzi, nimechangia mwalimu wa kujitolea kwa sababu wa serikali hawatoshi.

Sasa halmashauri imekuja na "mpango wa kusawazisha". Kuanzia Januari shule zote mbili zinavunjwa na kuundwa upya kwa madarasa. Awali hadi darasa la nne wote wa kata wanakwenda shule ya juu. La tano hadi la saba wote wanashuka bondeni. Halafu mipaka ya sekondari nayo inachorwa upya: mtaa wetu unatolewa kwenye sekondari tunayoizoea na kupelekwa ile mpya iliyojengwa mwisho kabisa wa kata. Sababu tuliyopewa ni kwamba watoto wa juu na wa bonde wakichanganywa, matokeo ya darasa la saba yatalingana na mlundikano utapungua.

Kikao cha kutueleza haya kiliitwa siku ya kazi saa nne asubuhi. Mama ntilie yuko jikoni, kondakta yuko barabarani, fundi yuko saiti. Waliofika ni wachache, wakasaini daftari la mahudhurio, na saini hizo sasa zinatumika kama ushahidi kwamba "wazazi wameridhia". Kusaini kwamba ulikuwepo ndiko kuridhia?

Nawaulizeni wenye watoto wadogo: mtoto wa darasa la kwanza anafikaje shule? Hana gari la shule, hana dada wa kazi wa kumpeleka. Anapelekwa na dada yake wa darasa la tano. Wanatoka pamoja, wanashikana mikono kwenye kidaraja cha mbao, wanarudi pamoja. Ndivyo ilivyo kwa nyumba nyingi za huku, kwa sababu mama ameshatoka saa kumi na moja alfajiri kwenda sokoni. Mpango huu unamkata dada na mdogo wake katikati. Mkubwa anabaki bondeni, na mdogo wa miaka sita anapanda peke yake hadi kwenye lami inayopita malori ya mchanga, pasipo kivuko wala askari. Niliuliza kikaoni nani atawavusha. Nikajibiwa kwamba "wazazi wawajibike". Jamani!

Na walimu je? Hapa ndipo damu inaponichemka. Ukisoma karatasi waliyotugawia, kila kitu kimehesabiwa kwa watoto: wangapi wapande, wangapi washuke. Hakuna mstari hata mmoja unaosema mwalimu fulani wa hisabati anatoka juu anakwenda bondeni. Hakuna matundu ya vyoo, hakuna madawati mapya, hakuna chumba kipya cha darasa. Wasichana wakubwa wa kata nzima, wa darasa la tano hadi la saba, wale wanaohitaji choo chenye mlango na maji kuliko wote, wanaletwa kwenye shule yenye vyoo vibovu kuliko zote. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mtoto wa msingi kwa mwaka, na humo 4,000 inakatwa ya vitabu; 6,000 ndiyo inayoingia shuleni. Mwalimu mkuu wa bondeni atajenga choo gani kwa hela hiyo?

Mlundikano haupungui kwa kuwachanganya watu wale wale kwenye vyumba vile vile. Vyumba vya kata ni vile vile, watoto ni wale wale. Mnachogawana ni msongamano, na kwa wazazi wa juu msongamano huo ni mgeni kabisa, ndiyo maana na wao wamekasirika. Tayari wapo waliokwisha kuanza kutafuta uhamisho kwenda shule binafsi. Wakiondoka wenye uwezo, huo mchanganyiko mnaousema utabaki wa nani na nani?

Lakini kuna jambo kubwa zaidi ambalo sielewi maofisa wetu wamelipitaje, kwa sababu linatoka kwenye sera yao wenyewe. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inasema elimu ya msingi inakuwa miaka sita. Darasa la saba linafutwa. Mwaka 2027 darasa la sita na la saba wanamaliza kwa pamoja, na Januari 2028 wote wanaingia kidato cha kwanza. Hebu chukueni mpango wa halmashauri muupitishe humo. Leo shule ya juu inapewa madarasa matano, awali hadi la nne, na ya bondeni inapewa matatu. Ikifika 2028 bondeni yatabaki mawili, la tano na la sita, na juu bado ni matano. Yaani kwa usumbufu wote huu, baada ya miaka michache shule moja itabaki na vyumba vitupu na nyingine itakuwa imepasuka, na tutaitwa tena kikao saa nne asubuhi kuambiwa kuna kusawazisha kupya.

Huko sekondari ndiko kubaya zaidi. Januari hiyo kila sekondari ya kutwa nchini itapokea mikupuo miwili kwa mpigo. Na mwaka huo huo ndio wanataka mtaa wetu uwe umehamia shule mpya ambayo maabara zake ni boma lisilo na paa. Wanaokumbuka sekondari za kata zilivyofumuka kati ya 2004 na 2008 wanajua kilichotokea: majengo yalitangulia, walimu wakafuata kwa kulipuliwa mafunzo, tukawaita vodafasta, na kizazi kizima kikabeba aibu ya sifuri ambazo hakikuzipanda chenyewe. Wadogo zangu wawili wamo katika kizazi hicho.

Tatizo lenyewe ni kata. Tangu sekondari zijengwe kwa michango ya kata, kata yenye watu wenye kipato inapata shule ya maana, na kata ya wapanga chumba kimoja inapata maboma. Kisha mtoto anafungiwa ndani ya mstari huo. Kuna sekondari ya kata jirani ambayo kengele yake tunaisikia tukiwa uani, lakini watoto wetu hawapangwi huko kwa kuwa wako ng'ambo ya mpaka. Wanapangwa kule mwisho, kwa daladala, kwa nauli ya mwanafunzi ya shilingi 200 ambayo makondakta hawaitaki, wanawasukuma watoto mlangoni ili wapakie watu wazima. Binti anasimama kituoni hadi giza, na bodaboda wanaotoa lifti ya bure wanajua saa hizo. Halafu akipata mimba mnauliza wazazi walikuwa wapi!

Nchi hii iliwahi kugawa nafasi kwa usawa. Wazee wanakumbuka mgao wa sekondari wa mikoa na wilaya miaka ya 1970. Uliwaumiza wengi wa mikoa iliyokuwa na shule nyingi, waliokuwa na alama nzuri wakaachwa. Lakini mtoto wa wilaya ya mbali aliyechaguliwa alikwenda bweni, akakuta kitanda, akakuta mwalimu wa fizikia, akakaa dawati moja na mtoto wa mkuu wa wilaya. Alihamishwa kwenda penye kitu. Wetu wanahamishwa kutoka pasipo na kitu kwenda pasipo na kitu. Na ile shule ya serikali ya mchepuo wa Kiingereza ya halmashauri yetu, yenye ada, wanakosoma watoto wa maofisa hao hao, haimo kwenye mpango. Mstari wa kalamu umeizunguka.

Tunachotaka si kigumu. Walimu wagawanywe kwanza, kwa majina na masomo, orodha ibandikwe ofisi ya kata. Ndugu wa nyumba moja wasitenganishwe. Mipaka ya sekondari ichorwe kwa njia anayotembea mtoto, mto ukiwemo, na mpaka wa kata usiwe ukuta. Madarasa yasiguswe mpaka darasa la saba liishe kama sera inavyosema.

Kama diwani wetu au ofisa elimu yeyote anapita humu, aweke hapa karatasi inayoonyesha ni walimu wangapi wanashuka bondeni Januari. Idadi tu, hata majina asiweke. Na wazazi wa bonde na wa juu, wote, tukutane Jumamosi saa kumi jioni ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti ameshakubali kutufungulia. Mje na majina ya watoto wenu, darasa na mtaa mnaokaa, tuandike barua moja ya kwenda kwa mkurugenzi na nakala TAMISEMI.