Hagaki ya nyukan, inshi pungufu na safari ya Tono

Mama Wawili:
Wadau wa Japani habari zenu. Hagaki (kadi ya posta) ya nyukan, yaani uhamiaji, ilifika wiki jana, nikaamka alfajiri kufuata zairyu mpya, kadi ya ukaazi. Niliamini ujumbe wa humu humu: "beba inshi ya 4,000", yaani stempu ya ada ya yen 4,000. Saa tatu nzima nimekaa na namba yangu mkononi, kufika dirishani naambiwa ni 6,000. Nateremka dukani kuongezea, narudi, dirisha limefungwa. Siku yangu pekee ya mapumziko kabla ya tarehe ya hagaki kupita ni Alhamisi, na Alhamisi hiyo niliwaahidi watoto mji wa Tono, kwenye kijito cha kappa, lile zimwi la majini. Tiketi za hadi Shin-Hanamaki nimeshalipia. Swali: baba watoto anaweza kwenda na ininjo (barua ya kumpa mamlaka) akanichukulia? Yeye ana eiju, ukaazi wa kudumu, kama inasaidia.

Kijana wa Sendai:
Pole dada. 6,000 ni tangu Aprili 2025, ukiomba mtandaoni 5,500. Watu muwe mnasoma tarehe za ujumbe.

Tono msikose. Mimi nilikodi baiskeli stesheni, nikapita mashambani hadi hekalu la Joken-ji. Wale mbwa wa mawe wa langoni, huko wana kisahani kichwani kama kappa, maana inasemekana kappa ndiye aliyezima moto hekaluni. Kijito kiko nyuma tu. Halafu watu wa utalii wanauza kibali cha kukamata kappa, cha mwaka mmoja! Masharti: akamatwe hai, maji ya kisahani yasimwagike, zana za chuma marufuku, chambo ni mboga mbichi. Hakuna juminhyo (cheti cha makazi) wala picha ya 4 kwa 3. Ndicho kibali pekee nchi hii nilichopewa bila kuulizwa kodi ya mwaka jana.

Binti Tanga:
Huyo kappa si chunusi wetu jamani? Anavuta watoto na farasi majini. Bibi alikuwa hatuachi tuogelee saa saba mchana, anasema chunusi yuko macho. Tofauti ni kwamba kappa ana adabu: ukimwinamia naye anainama, maji yanamwagika, nguvu zinamwishia. Chunusi wa Tanga umwamkie, thubutu! Na anapenda matango, ndiyo maana ile sushi ya tango inaitwa kappamaki. Leo nimeinunua konbini, nikamkumbuka bibi hadi machozi.

Mzee wa Nagoya:
Wanangu, enzi zetu kadi ya wageni ilitoka kuyakusho, ofisi ya mtaa, hadi walipoifuta 2012. Hatukuhangaika hivi. Binti yangu, badala ya mazimwi wapeleke watoto Kyoto, hekalu la Honno-ji, waone alipokuwa 1582 ndugu yetu Yasuke, Mmakua wa Msumbiji aliyemtumikia mbabe wa vita Nobunaga. Mimi nilipiga picha pale langoni.

Kijana wa Sendai:
Shikamoo Mzee. Kwa heshima zote, picha hiyo si ya mahali penyewe. Hekalu liliungua na Nobunaga akafia humo, kisha mtawala aliyemfuata, Hideyoshi, akalihamisha. Palipokuwa hasa kuna jiwe tu la ukumbusho, ni kutembea kidogo kuelekea kusini-magharibi. Na "Mmakua" imeandikwa wapi? Mjesuiti aliyeandika 1627 alitaja Msumbiji, basi.

Mkenya Chiba:
Nyinyi mnabishania kabila la mtu wa 1582 na mama ana shida ya leo. Achaneni na hizo zairyu, chukueni uraia kabisa.

Binti Tanga:
Rahisi kusema. Nyie mna uraia pacha tangu 2010. Sisi tukichukua wa huku, wa nyumbani umekwenda.

Mkenya Chiba:
Japani nayo haitaki pacha, kwa hiyo tuko mashua moja. Soma kwanza.

Mama Wawili:
Bado naulizia ininjo. Ipo fomu maalumu au naandika kwa mkono? Hanko (muhuri) inatosha? Alhamisi ni keshokutwa, na watoto wameshatia matango kwenye friji, yasiguswe.

Mzee wa Nagoya:
Kijana, marahaba. Urefu wa Yasuke uko kwenye shajara ya Matsudaira Ietada: shaku 6 na bu 2, karibu sentimita 182. Nimeishi Masasi miaka minne. Wamakua nawajua kwa macho.