Mjadala: Picha za Clint Eastwood, DJ aongee au anyamaze?

Mleta mada, Mtwara mjini

Wajomba, kuchele! Hela za korosho zimeingia, mabanda ya video yamejaa, na banda tunalokwenda sisi limetenga wiki nzima ya Clint Eastwood. Huyu mzee kazaliwa 1930, anaigiza na kuongoza, na mwaka 2024 alitoa Juror #2 akiwa na miaka 94. Picha zote zinazoonyeshwa zimetafsiriwa na DJ, yule msimulizi anayeongea Kiswahili juu ya sauti ya picha. Sasa watu wamegawanyika. Wapo wanaosema bila DJ hawatoi kiingilio, wapo wanaotaka tafsiri za madijei zipigwe marufuku mabandani kote. Mimi marufuku siitaki, ila kwa Eastwood naomba DJ apunguze mdomo.

Stelingi tuliowazoea wanaongea hadi wanachosha. Huyu haongei. Alipokwenda kuigiza A Fistful of Dollars (1964) chini ya Mtaliano Sergio Leone, yeye mwenyewe ndiye aliyetaka maneno ya mhusika wake yapunguzwe. Tazameni mwisho wa The Good, the Bad and the Ugly (1966). Wanaume watatu wamesimama katikati ya makaburi, hakuna anayetoa neno. Unaonyeshwa macho, kisha vidole vinavyoinyemelea bastola, kisha macho tena, huku muziki wa Ennio Morricone ukipanda. Pale DJ alikuwa anatusimulia nani anamdai nani, akachomekea na bei ya korosho ghafi. Banda zima likacheka, na mimi nikacheka. Risasi ilipolia hakuna aliyeshtuka.

Kwangu namba moja ni Unforgiven (1992), iliyopata Oscar ya picha bora na ya mwongozaji bora. Muuaji mstaafu, mjane, anafuga nguruwe na kugaragara nao matopeni watoto wake wakimwangalia. Kuna kijana anayejigamba kwamba ameshaua watu wengi. Anapoua kweli ndiyo mara yake ya kwanza, na tunamkuta kando ya mti na chupa ya wiski, anakunywa huku analia. Mzee amesimama tu pembeni. DJ akamfanya kijana mlevi wa kilabu cha pombe! Nilitamani nizime jenereta.

Mchangiaji, Masasi

Mjomba, wewe shule imekusaidia, Kiingereza unakisikia. Mama yangu hakisikii, na huyo Eastwood anamjua kwa jina kwa sababu ya DJ. Halafu unazungumza kana kwamba picha za Leone zilizaliwa na sauti yake. Pale mahali pa kupigia picha kila mwigizaji aliongea lugha yake, sauti zikaja kubandikwa studio baadaye. Watazamaji wa Italia walimsikia Eastwood kwa sauti ya mtu mwingine, Enrico Maria Salerno. Mtaliano akibandikiwa sauti ni sinema, Mmakonde akibandikiwa ni uharibifu?

Mchangiaji, Lindi

Mnabishana ladha, mimi naongelea sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inasema haki ya kutafsiri kazi ni ya mwenye kazi. DJ hajamwomba mtu, mwenye banda hajamwomba mtu, anayetujazia flashi ndiyo kabisa. Anayeumia siyo Eastwood, huyo hata hatujui kama tupo. Anayeumia ni kijana wa hapa Lindi aliyepiga muvi yake kwa hela ya kukopa, akashindana na picha ya Marekani ambayo mwenye banda kaipata kwa bei ya soda. Kwa hiyo, ndiyo, mimi nataka zifungiwe.

Mchangiaji, Masasi

Umeileta sheria mwenyewe, basi nikumalizie. Hiyo A Fistful of Dollars Leone aliitoa kwenye Yojimbo (1961) ya Mjapani Akira Kurosawa, bila ruhusa. Wajapani wakadai, na mwisho wakalipwa, ikiwemo asilimia 15 ya mapato. Picha haikufungiwa. Na sisi mabanda yetu yawekewe utaratibu wa kulipia, kazi iendelee.

Mchangiaji, Newala

Kaka zangu, mnasema "watu" na wote mliowataja ni wanaume mliobanana kwenye benchi. Mimi picha yangu ni Million Dollar Baby (2004), ya binti bondia na kocha mzee asiyetaka kufundisha wanawake. Sijawahi kuiona ikiwekwa bandani, nimeiangalia kwenye simu, usiku, bando likiwa rahisi. Na hilo la DJ nawashangaa. Mwaka 2006 Eastwood aliongoza Letters from Iwo Jima karibu yote kwa Kijapani, lugha asiyoijua, na Wamarekani wakakaa wakasoma maandishi chini. Sisi Kiswahili tunakisoma wote, wekeni maandishi ya Kiswahili.

Mchangiaji, Lindi

Dada, maandishi kwenye runinga ya inchi 32, ukiwa benchi la nyuma, mbele yako kuna jamaa kavaa kofia?

Mleta mada, Mtwara mjini

Benchi la nyuma nalijua, hapo umenipata. Na hilo la Italia, mjomba wa Masasi, nimelikubali nusu. Waliobandika sauti kule walibandika pale mhusika anapofungua mdomo. Wetu anabandika hata pale mdomo umefungwa, na hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Kuhusu kulipia, nani akusanye na kwa kipimo gani? Banda la watu ishirini la Tandahimba halitalipa sawa na ukumbi wa mjini.

Nimeongea na mwenye banda. Jumamosi saa kumi anaweka Gran Torino (2008). DJ atakuwepo pale pale na maiki, atatafsiri yanayosemwa tu, wakinyamaza naye ananyamaza. Saa moja usiku ni picha ile ile, DJ aongee apendavyo. Kiingilio sawa. Tutahesabu vichwa mlangoni, na dada wa Newala akifika mjini benchi la mbele ni lake.

Mchangiaji, Masasi

Saa kumi jua kali na bati halina dari, mjomba. Hapo umeshampendelea DJ wa usiku. Badilisheni saa kwanza.