Yah: Herufi za konsoli hazisomeki, ofisi imekataa picha

Sele (Leeds, kwa sasa Sinza)
Wakubwa shikamooni. Mzigo (kimashine cha kompyuta cha duka la dawa) nimepewa, TANSAD, ile fomu ya forodha, imepita, TIN ya dada ipo, ila dhamana hairudi mpaka nipeleke picha ya skrini yenye siriali namba. Mashine ni ya UEFI (mfumo mpya wa kuwashia kompyuta), ina Debian tupu, yaani Linux ya maandishi bila madirisha. Nimeichomeka kwenye runinga ya 4K, nikaandika dmidecode, amri ya kuonyesha siriali, nikapiga picha kwa simu. Wamenirudishia: "haisomeki". Herufi kama mayai ya chawa. Napunguzaje rezolusheni? Na picha wanapokea kwa imeili, au nikapange foleni tena?

Mama Zai (Oslo)
Marahaba, pole mdogo wangu. Mzigo wangu ulikaa mpaka nikasahau nilituma nini. Beba NIDA halisi, kopi wanaitupa pembeni. Ya kompyuta sijui.

Kibabu (Toronto)
Marahaba. Weka vga=791 kwenye laini ya kerneli (maagizo Linux inayopewa ikiwaka), unapata 1024x768. Naitumia tangu enzi za LILO, kiwashio cha zamani cha Linux.

Rama (Hamburg)
Shikamoo mzee, ila usimpotoshe. vga= ni mambo ya BIOS, mfumo wa zamani wa kuwashia; kasema UEFI. Sele, fungua /etc/default/grub, faili la mipangilio ya GRUB, kiwashio cha Linux, andika GRUB_GFXMODE=1024x768 na GRUB_GFXPAYLOAD_LINUX=keep, halafu update-grub.

Nuru (Dubai)
Rama umeishia njiani. Dreva ya kadi ya picha ikishapanda, KMS (sehemu ya kerneli inayopanga skrini) inarudisha 3840x2160 ya 4K na GRUB yako haina usemi. Kwenye GRUB_CMDLINE_LINUX aongeze video=HDMI-A-1:1280x720, kisha update-grub, awashe upya. Jina la tundu aangalie kwanza kwenye /sys/class/drm, lisije likawa DP-1. Lakini ahangaike ya nini? dpkg-reconfigure console-setup, achague fonti kubwa ya Terminus 16x32, basi. Kwa fonti ya 8x16 runinga hiyo inabeba herufi 480 kwa mstari. Nani atasoma?

Rama
Kauliza rezolusheni, hakuuliza fonti. Tusome swali jamani.

Kibabu
Yangu inawaka na 791 mpaka leo. Hiyo UEFI ndiyo iliyoharibu mambo.

Mama Zai
Dhamana ya nini kwa kimashine cha duka la dawa? Ndiyo maana sichoki kudai uraia pacha. Tukituma hela sisi ni ndugu, tukifika kaunta ni wageni.

Nuru
Dada, si kuna hadhi maalum ya diaspora?

Mama Zai
Nitapiga kura kwa hadhi hiyo?

Sele
Asanteni. Umeme umekatika, nitajaribu ukirudi. Nipo barazani na mihogo ya kukaanga, jirani kawasha jenereta hatusikilizani. Ila ile ya imeili hamjanijibu.

Kibabu
Mihogo ya Coco Beach au ya mtaani?

Sele
Ya mtaani mzee, na kachumbari yenye ndimu.

Kibabu
Mnatutesa.

Rama
Sele, ukirudi una kilo za ziada? Mama yuko Mbagala na dagaa wangu wa Kigoma, wameshafungwa.