Urgell iliuliwa Caspe mwaka 1412, au ilishakufa zamani?

KIPANGA: Wakuu, wapenzi wengi wa historia ya Katalunya, kaskazini-mashariki mwa Hispania, wanaamini Jaume, konte wa Urgell, aliporwa taji la Aragon kule Caspe tarehe 28 Juni 1412, na kwamba dhuluma hiyo ndiyo iliyoimaliza milki yake. (Konte ni mtawala wa kurithi aliye chini ya mfalme.) Mimi sikubali. Kilichozikwa baada ya Caspe ni jina tu. Urgell ilimezwa mwaka 1314.

Mwishoni mwa karne ya 10 Borrell II aliwagawia wanawe urithi: mkubwa Barcelona, mdogo, Ermengol, akapewa Urgell kule milima ya Pyrenees. Tangu hapo ni Ermengol baada ya Ermengol hadi wa 10, na macho yao yalikuwa kusini, kwenye nchi tambarare zilizokuwa chini ya Waislamu. Wa kwanza alifia vitani upande wa Córdoba mwaka 1010. Wa tatu alikufa Barbastro 1065. Balaguer ilitwaliwa 1105 na baadaye ikawa makao yao, na Lleida ilipoanguka 1149 wakapata theluthi ya mji. Walifua hata sarafu zao wenyewe Agramunt, kwa hiyo msidhani tunazungumzia kijiji.

Shida ikawa warithi. Ermengol VIII alifariki 1209 akaacha binti, Aurembiaix, na ukoo wa Cabrera ukampoka milki. Mfalme Jaume I wa Aragon (si yule Jaume wa Caspe) alimsaidia kuirudisha 1228, ila si bure: binti aliachia haki zake za Lleida na kukubali kuwa chini ya mfalme. Mwaka 1314 Ermengol X akafa bila mtoto, milki ikaenda kwa mjukuu wa dada yake, Teresa d'Entença, naye akaozwa kwa Alfons, mwana wa mfalme. Kwisha habari. Makonte waliofuata wote ni watoto wa ikulu ya Aragon.

MAMA ZUHURA: Mkuu, umeeleza vizuri ila unachanganya ukoo na milki. Mwaka 1410 Jaume alikuwa na ardhi, ngome na watu wake. Mfalme Martí alipokufa bila mrithi, Jaume alikuwa kitukuu wa Alfons yule yule mume wa Teresa, aliyekuja kuwa mfalme, kwa upande wa kiumeni. Fernando wa Kastilia alidai kupitia mama yake, dada wa Martí. Waamuzi waliokaa Caspe kuchagua mfalme walikuwa 9, watatu Aragon, watatu Katalunya, watatu Valencia. Fernando akapata kura 6, na kati ya Wakatalunya watatu ni mmoja tu aliyempigia. Tena Papa Benedict XIII alikuwa upande wa Fernando, na askari wa Kastilia walishaingia nchini kabla ya kura. Uamuzi gani huo wa haki?

NGURUMO: Dada, habari ya askari usiisemee nusu. Juni 1411 Askofu Mkuu wa Zaragoza aliuawa njiani, na aliyeongoza wauaji ni Antón de Luna, mtu wa kambi ya Jaume. Ukiua askofu mkuu wakati wenzako wanatafuta suluhu, watu wa Aragon watakukimbilia au watakukimbia? Hata baada ya Caspe Jaume aliahidiwa fedha, na binti yake aozwe mwana wa Fernando. Inasimuliwa kwamba mama yake alimwambia ama uwe mfalme ama usiwe kitu. Akaasi 1413, akashindwa kuitwaa Lleida, akazingirwa Balaguer, akasalimu amri Oktoba 31. Milki ikataifishwa, yeye akafia kifungoni Xàtiva 1433. Amejimaliza mwenyewe, tusitafute mchawi.

MSOMAJI WA PEMBENI: Mbona hakuna anayemtaja askofu wa Urgell? Konte Ermengol VI alimwachia mabonde ya Andorra mwaka 1133. Makonte wamekwisha, askofu hadi leo ni mmoja wa wakuu wawili wa nchi ya Andorra, pamoja na rais wa Ufaransa.

KIPANGA: Umenisaidia, mkuu. Kiti cha askofu hakingoji mtoto. Akifa huyu anateuliwa mwingine, wakati makonte walikuwa wakibahatisha kila kizazi.

MAMA ZUHURA: Kipanga, kama ndoa ya 1314 iliua Urgell, basi Barcelona nayo ilikufa 1137, konte wake Ramon Berenguer IV alipochumbia Petronila, mrithi wa Aragon. Mbona hapo hatusemi Barcelona imemezwa?

KIPANGA: Kwa sababu aliyeoa ni wa Barcelona, na ukoo uliotawala baadaye ni wake. Teresa aliolewa, ardhi ikamfuata mume.

MAMA ZUHURA: Aha. Kwa hiyo Urgell ikipita kwa mwanamke imekufa, ila Fernando akirithi taji kupitia mama yake ni halali tupu. Chagua kanuni moja basi, tuendelee.